Cha mbali kwanza: shajara ya vyeti vya polisi, Mtwara 2024

Februari, wiki ya pili

Mradi ni huu: kupata vyeti vya polisi vya watu wawili, mimi na mume wangu, kwa ajili ya maombi ya ukaazi wa kudumu Kanada. Mtihani wa Kiingereza, tathmini ya vyeti vya shule na mengine yote yana daftari lake. Hapa ni habari ya polisi tu, maana ndiyo inayotegemea ofisi za nchi tatu ambazo hazijuani na hazina haraka na sisi.

Kanuni ya Idara ya Uhamiaji ya Kanada ni kwamba mwombaji, pamoja na mwenzi wake, alete cheti cha polisi cha kila nchi aliyokaa miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita. Miaka ya kabla hujafikisha 18 haihesabiwi, na Kanada yenyewe haimo. Basi jana usiku tulimwaga pasipoti zote mezani, za zamani na za sasa, tukaanza kusoma mihuri.

Upande wangu ni rahisi: Tanzania, halafu Uingereza, nilikosoma Leeds kuanzia 2018 hadi 2019. Mume wangu ana Tanzania na Marekani, miaka miwili ya masomo Iowa. Kilichotukalisha hadi usiku wa manane ni Msumbiji. Mwaka 2015 alikuwa fundi wa mashine za kubangulia korosho kule Pemba ya Msumbiji, anavuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo, anafanya kazi, anarudi. Ukijumlisha safari zote unapata muda mrefu, lakini hakuna kipindi hata kimoja kilichofika nusu mwaka bila kurudi nyumbani. Mihuri ya Kilambo inasoma vizuri, isipokuwa mmoja uliolowa. Tumekubaliana: cheti cha Msumbiji hakihitajiki, ila safari zote zitaorodheshwa kwenye fomu, na kurasa za mihuri zitaambatanishwa na barua fupi ya maelezo. Kuficha safari ni kujitafutia balaa, hata kama safari yenyewe haina neno.

Februari, siku chache baadaye

Leo tumepanga nani aanze, na naona hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Watu wengi huanza na cheti cha Tanzania kwa sababu kiko karibu. Sisi tunakiweka mwisho.

Sababu iko kwenye kanuni yenyewe. Cheti cha nchi unayoishi sasa kisiwe na umri wa zaidi ya miezi 6 siku unapowasilisha maombi. Cheti cha nchi uliyokwishahama kinatakiwa tu kiwe kimetolewa baada ya mara ya mwisho kukaa huko. Maana yake cheti changu cha Uingereza kikitoka mwezi ujao, kitanifaa hata mwakani, madamu sijarudi kuishi kule. Cha Tanzania kinaanza kuchacha tangu siku kinapotolewa.

Halafu kuna saa nyingine inayogonga. Kwenye mfumo wa Express Entry, ule wa Kanada tunaoombea ukaazi, unaingiza wasifu wako, unasubiri mwaliko, na mwaliko ukija una siku 60 za kupandisha nyaraka zote. Siku 60 kwa mtu aliye Toronto ni nyingi. Kwa mtu wa Mtwara anayetuma karatasi ya alama za vidole West Virginia, Marekani, na kusubiri majibu, siku 60 hazitoshi hata kuhema. Kwa hiyo vya mbali vianze sasa hivi, kabla ya mwaliko.

Machi, wiki ya kwanza

Uingereza. Ofisi inayohusika inaitwa ACRO, na cheti chake ndicho kinachotambulika kwa mambo ya uhamiaji. Shoga yangu niliyesoma naye aliniambia niombe DBS, akasisitiza kabisa. DBS ni ukaguzi wa waajiri wa Uingereza na Wales, wa kuangalia wafanyakazi wao, Kanada haiutaki. Bahati nzuri nilisoma maelekezo ya nchi husika kabla ya kutoa hela.

ACRO hawataki alama za vidole. Wanataka jina, majina yote uliyowahi kutumia, nakala ya pasipoti, picha, anwani ulizoishi, na uthibitisho wa anwani ya sasa. Hili la mwisho ndilo lililonitoa jasho. Kwao uthibitisho wa anwani ni bili ya umeme au ya maji yenye jina lako. Sisi umeme ni LUKU: unalipa kwa simu, unapata tarakimu, unaingiza kwenye mita, basi. Hakuna bili. Maji yana bili, lakini ina jina la baba mwenye nyumba. Barua zetu zote zinakuja S.L.P., na sanduku la posta si nyumba.

Nilikwenda benki kuomba taarifa ya akaunti iliyopigwa muhuri. Kijana wa dirishani akaniambia anwani yangu kwenye mfumo wao ni S.L.P. tu. Nikamuuliza kama anaweza kuongeza mtaa na namba ya nyumba, ile iliyopakwa ukutani wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022. Akanitazama kama anayeshangaa kwamba kuna mtu anaitumia ile namba. Nilijaza fomu ya kubadilisha taarifa, nikaambatanisha barua ya mtendaji, nikaondoka. Baada ya siku chache taarifa ya akaunti ilitoka na mtaa, namba ya nyumba, kata, Mtwara. Ile namba nyeupe ya ukutani niliyokuwa naicheka imefanya kazi.

Maombi yamekwenda kwa intaneti, malipo kwa kadi ya Visa. Jina langu la kabla ya ndoa nimeliweka pia, maana ndilo nililosomea.

Machi, katikati ya mwezi

Marekani ni habari nyingine kabisa. FBI hawakutafuti kwa jina, wanakutafuta kwa vidole. Unajaza ombi mtandaoni, unalipa dola 18, unapata namba ya uthibitisho kwa barua pepe. Halafu unachukuliwa alama za vidole kwenye fomu namba FD-1164, unaituma kwa posta pamoja na ule uthibitisho hadi Clarksburg, West Virginia. Ukiwa umeomba mtandaoni, majibu nayo yanakuja mtandaoni. Hilo peke yake linakupunguzia safari nzima ya bahasha.

Shemeji aliye Minneapolis alipiga simu akitaka tupitie kampuni binafsi zilizoidhinishwa na FBI, zinazotoa majibu haraka. Zipo kweli, lakini zinahudumia raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu kule. Mume wangu alikuwa mwanafunzi tu. Shemeji hakufurahi, lakini ndivyo ilivyo.

Fomu tuliiprinti steshenari, karatasi nyeupe ya kawaida, ambayo wao wanaikubali. Nilisimama nyuma ya kijana wa kompyuta kuhakikisha haipunguzi ukubwa ili ienee kwenye A4. Karatasi ya Wamarekani ni pana kidogo na fupi kuliko yetu, na mashine ikiachwa ijiamulie inabana kila kitu.

Kisha polisi. Hapa sina budi kueleza mikono ya mume wangu. Ana karakana ndogo ya kubangua korosho huko Newala, na haamini kusimamia bila kushika. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanaobangua hupaka mafuta ya kula au majivu mikononi kabla ya kazi, lakini ukifanya kila siku bado ncha za vidole zinageuka nyeusi, ngozi inababuka, inaota upya, inababuka tena. Vidole vyake vya kulia, hasa dole gumba na cha shahada, ni laini kama kioo. Simu yake yenyewe imekataa kufunguka kwa kidole tangu mwaka juzi.

Askari wa kituo cha kwanza tulichokwenda alikuwa na haraka. Alipaka wino mwingi, akabonyeza vidole kama anapiga muhuri barua. Tulipoiangalia karatasi nje juani, tuliona madoa meusi kumi na manne yasiyo na mstari hata mmoja. Hatukuituma. Kulipia EMS, ile posta ya haraka, kwa madoa ni kuchezea hela, na FBI wakikataa karatasi unaanza upya foleni.

Tulivyorudi nyumbani jirani aliona vidole vyake akauliza kwa sauti, ukutani kule: "Kulikoni baba, mmeshapiga kura? Si tulisema uchaguzi mwisho wa mwaka?" Kufika jioni habari imeshamfikia mama mkwe Mikindani kwamba mwanawe alionekana polisi. Alipiga simu hata salamu hakungoja. Nilimweleza, akasema, "Sasa mwanangu, kama hujafanya kosa, cheti cha nini? Na kama umefanya, watakupaje?" Sikuwa na jibu la haraka.

Machi, mwishoni

Ramadhani imeanza, karakana inafanya kazi nusu siku, na mume wangu amekubali kwa shingo upande kutogusa korosho kabisa. Ngozi hujirudisha yenyewe ukiiacha. Kila usiku baada ya futari anapaka mafuta ya nazi na kulala na soksi mikononi, jambo ambalo watoto wameliona ni la kuchekesha kuliko yote yaliyotokea nyumba hii. Asubuhi tunakagua vidole kwa tochi ya simu. Kidole cha pete na cha mwisho vimerudi vizuri. Dole gumba la kulia bado.

Kuna bwana wa Dar, rafiki wa rafiki, aliyesema ana mtu wa "kuharakisha" cheti chochote, cha nchi yoyote, kwa laki kadhaa. Mtu wa Dar anayeweza kuiharakisha FBI ningependa kumwona, ila si kwa hela yangu.

Aprili, baada ya Idi

Tumepata mtu. Jamaa wa mume wangu alituelekeza kwa afande mmoja, mama wa makamo wa upande wa upelelezi, ambaye amechukua alama za vidole miaka mingi. Tulikwenda asubuhi kabla jua halijakolea, maana kidole chenye jasho hakishiki wino.

Nimemtazama akifanya kazi na nitaandika kila kitu, kwa sababu atakayetufuata atahitaji. Kwanza alimnawisha mikono kwa sabuni, akamfuta kila kidole kwa spiriti, akasubiri vikauke. Wino alimimina kidogo mno juu ya kioo, akausambaza kwa rola mpaka ukawa utando mwembamba, unaona kioo chini yake. Akamsimamisha mume wangu hatua moja nyuma ya meza, akashika mkono wake na kumwambia: "Legeza. Usinisaidie. Ukinisaidia unaharibu. Angalia dirishani huko, fikiria mambo yako."

Kila kidole kiliviringishwa kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili, mara moja, bila kurudia nyuma. Vidole vya kawaida aliviringisha kwenda nje, mbali na mwili. Dole gumba kuja ndani, kuelekea mwili. Nilimuuliza kwa nini, akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe: ukiviringisha hivyo mkono unatoka kwenye mkazo kwenda kwenye ulegevu, kwa hiyo kidole hakiruki mwishoni. Nimejaribu nyumbani, ni kweli. Baada ya kumi za kuviringisha zikaja za kubonyeza tu: vidole vinne vya kulia kwa pamoja, vinne vya kushoto, na dole gumba mbili.

Dole gumba la kulia lilipokuja, alitulia. Aliligeuza kwenye mwanga, akalisugua taratibu kutoka kwenye kiungo kuelekea ncha ili damu ije, akapaka wino mwepesi kuliko wa vidole vingine. Mistari ikatokea. Si yote, katikati kuna kipande kilichofifia, lakini pembeni inaonekana inavyozunguka. Akasema, "Hiki kitasomeka. Korosho eh?" Mjomba wake alikuwa mbanguaji Masasi.

Tulimwomba ajaze karatasi zaidi ya moja, akajaza bila kununa, kila moja kwa wino mpya. Akasaini na kuandika tarehe. Jina kamili na tarehe ya kuzaliwa tulishajaza kabla kwa herufi kubwa, kama zilivyo kwenye pasipoti aliyosafiria kwenda Iowa.

Mei, wiki ya kwanza

Bahasha ilitoka Posta kwa EMS mwanzoni mwa mwezi. Ndani: karatasi za vidole, ukurasa wa uthibitisho wa malipo, na kadibodi mbili kuzuia isikunjwe.

Kisha Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa walitangaza mapema, tarehe 4 kikapiga pwani, na mvua iliyofuata ikaikata barabara ya Dar kule Kilwa, Somanga na maeneo ya jirani. Mabasi yakasimama, malori yakapanga foleni, mafuta ya gari yakaanza kuulizwa bei. Mimi nawaza bahasha. Namba ya kufuatilia inaonyesha imepokelewa Mtwara, haisemi zaidi. Kuna watu walilala barabarani na watoto na wengine walipoteza nyumba, kwa hiyo nimeona haya hata kuuliza dirishani habari ya karatasi ya vidole.

Mei, katikati

Barabara imepitika tena kwa matengenezo ya dharura. Namba ya kufuatilia ikaamka: Dar es Salaam, kisha imeondoka nchini.

Siku hiyohiyo nimekuta bahasha ya Uingereza kwenye sanduku la posta. Karatasi nene, na matokeo yangu ni "No Trace", yaani hawana chochote kwenye kumbukumbu zao kuhusu mimi. Kuna aina nyingine ya jibu, "No Live Trace", ambayo hupewa mtu mwenye kumbukumbu ya zamani isiyoonyeshwa tena. Mtu akipewa hiyo ajue afisa wa uhamiaji anaelewa tofauti, na aandae maelezo mapema. Yangu haina maneno. Nimeiskani kwa rangi mbele na nyuma, nakala halisi imekwenda kwenye faili la plastiki juu ya kabati, mbali na watoto na mbali na paa linalovuja.

Juni

FBI wamejibu kwa barua pepe: kiungo na namba ya siri ya kufungulia. Mume wangu alikuwa Newala, mtandao wa kule unakuja na kuondoka, akanipigia nifungue mimi. Ukurasa wa kwanza una jina lake, na sentensi moja inayosema hana taarifa za kukamatwa kwenye kumbukumbu zao. Vidole vimesomeka vyote.

Nilimsomea kwenye simu. Akasema, "Basi narudi kazini," na nikasikia mashine ikiwashwa nyuma yake. Nilitaka kumwambia asubiri kidogo, bado kuna vidole vya Tanzania, lakini alishakata.

Julai

Mwaliko umekuja. Saa ya siku 60 imeanza, na kilichobaki ni cheti kimoja kwa kila mtu, cha nyumbani. Sasa ndiyo zamu yake.

Cheti cha tabia njema, kama tunavyokiita, kinatolewa na Jeshi la Polisi upande wa uchunguzi wa kisayansi wa jinai, na alama za vidole zinachukuliwa upya. Barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho vya NIDA, nakala za pasipoti, picha, malipo kwa kontroli namba. Tulikwenda moja kwa moja kwa yule afande. Aliangalia mikono ya mume wangu na kutikisa kichwa: "Umerudia." Ilikuwa wiki chache tu tangu aanze tena, lakini dole gumba lilikuwa limeshapoteza nusu ya mistari. Alifanya alichoweza kwa spiriti na subira, na ilitosha.

Vidole vyangu vilimchukua muda mfupi sana. Alisema nina mikono ya mtu wa ofisini, nami sikujua kama amenisifu.

Agosti, wiki ya kwanza

Vyeti vya Tanzania vimetoka. Kwa kuwa vimeandikwa Kiingereza, hakuna kazi ya mfasiri. Jina langu limeandikwa kwa majina matatu kama kwenye NIDA, wakati pasipoti ya zamani ilikuwa na mawili, kwa hiyo tumekwenda kwa wakili kuapa kwamba ni mtu mmoja. Kiapo kimeunganishwa na cheti kwenye faili moja.

Kupandisha nyaraka kumechukua jioni nzima, kwa sababu ya mtandao na kwa sababu kila faili lisizidi MB 4. Skani ya rangi ya cheti cha Uingereza ilikuwa kubwa mara tatu ya hapo. Nimeipunguza mpaka ikaingia, kisha nikaifungua tena kuhakikisha muhuri bado unasomeka, maana faili dogo lisilosomeka halina faida. Kwenye nafasi ya mume wangu nimeweka jibu la FBI, cheti cha Tanzania, na barua ya maelezo kuhusu Pemba ikiwa na kurasa za mihuri ya Kilambo, ukiwemo ule uliolowa.

Tumelipa ada, tumebonyeza kuwasilisha, na uthibitisho wa kupokelewa umeingia kabla ya saa nne usiku.

Mama mkwe ameuliza kama sasa vidole vimekwisha. Nimemwambia bado vya bayometriki, lakini hivyo vinachukuliwa kwa mashine, bila wino.